Jeki chini ya slaidi ya RV: iwekwe au iachwe?

Slaidi ni kile kipande cha chumba kinachosukumwa nje ya ukuta wa RV (gari au treila lenye nyumba ndani yake) ukishaegesha, kikaongeza upana wa sebule, jiko au chumba cha kulala kwa futi 3 hivi. Newmar, kiwanda cha Nappanee, Indiana, ndicho kilichoanza kuuza RV zenye slaidi mwaka 1990. Leo ni nadra kukuta RV kubwa Marekani isiyo nayo, na madukani hukosi jeki za kuwekwa chini yake, zikiuzwa mbili mbili. Anayeishi humo kwa miezi, mathalani muuguzi wa mkataba wa wiki 13 au fundi anayefuata miradi ya ujenzi jimbo kwa jimbo, akiona chumba kizima kinaning'inia hewani bila nguzo, hushawishika kuzinunua.

Usiharakishe. RV nyingi hazihitaji jeki chini ya slaidi, na iliyowekwa vibaya huleta hasara ambayo bila jeki isingekuwapo. Hali chache zinazoihitaji zipo, nazo zimeelezwa huku chini pamoja na namna ya kuiweka. Ila soma kwanza sababu, maana ukizijua utaweza kuamua mwenyewe hata kwa RV ambayo haikutajwa hapa.

Jeki inavyoharibu

Slaidi imeundwa kama roshani ya ghorofa: uzito wake hubebwa kutokea ukutani na kwenye chesisi (fremu ya chuma iliyo chini ya RV), haukutegemea nguzo kutoka chini. Kwa kuwa imeshikamana na chesisi, chesisi ikishuka nayo hushuka, ikiyumba nayo huyumba. Na chesisi ya RV haitulii hata siku moja. Imekaa juu ya springi na matairi, kwa hiyo mtu akipita kutoka jikoni kwenda kitandani inacheza, na matangi yakijaa inashuka.

Piga hesabu ya matangi peke yake. Galoni moja ya maji ina uzito wa pauni 8.34. RV yenye tangi la galoni 40 la maji ya kuogea na jingine la galoni 40 la choo, yote yakijaa, imeongeza pauni 667, yaani kama kilo 300. Springi zinabonyea na gari zima linashuka kidogo. Jeki iliyo chini ya ukingo wa nje wa slaidi haishuki, maana imesimama ardhini. Matokeo yake ukingo wa ndani umeshuka na gari, ukingo wa nje umebaki pale pale. Hakuna aliyegusa mpini wa jeki, lakini slaidi imeinuliwa.

RV yenye injini yake na mifuko ya hewa badala ya springi ni hatari zaidi. Hewa huvuja taratibu, na asubuhi gari linaweza kukutwa limeshuka inchi kadhaa. Nyingine zina mfumo wa kujisawazisha wenyewe wakati wowote, hata usiku wa manane ukiwa umelala. Kama RV yako ina mojawapo ya hayo mawili, suala la jeki chini ya slaidi lifunge hapa hapa: usiweke.

Sasa tazama maji ya mvua. Ukingo wa nje ukiwa juu kuliko wa ndani, paa la slaidi linateremkia ndani, na maji ambayo yangedondoka nje yanakusanyika ukutani, kwenye raba ya juu inayoziba kati ya slaidi na ukuta. Wakati huo huo sanduku la slaidi limepinda kwa namna inayoachanisha raba ile ile na ukuta. Maji yapo, na tundu lipo. Yanapenya hadi kwenye sakafu, ambayo kwenye RV nyingi ni mbao ya vipande vilivyogandishwa kwa gundi. Ikilowa huvimba, na ikivimba hairudi. Watu wengi wanaoona sakafu ya slaidi imelainika pembeni hudhani slaidi ilizidiwa na uzito, wakaongeza jeki nyingine.

Tatizo lingine ni nguvu. Jeki ndogo ya mkasi, ile ya kuzungusha kwa mpini, mara nyingi imeandikwa pauni 5,000. Slaidi ya sebule yenye sofa na makabati, hata ile nzito, kwa kawaida haifiki nusu ya hapo. Maana yake jeki inaweza kuinua slaidi nzima na mkono wako usisikie tofauti yoyote. Ule mzunguko mmoja wa ziada wa "kuhakikisha imekaza" ndio unaopindisha vyuma.

Jua slaidi yako inaendeshwa na nini

Ingia chini na tochi, au fungua makabati ya pembeni, utambue mfumo kabla ya jambo lolote. Kila mmoja huumizwa na jeki kwa namna yake.

Mfumo wa mikono ya chuma ndio unaostahimili zaidi. Chini ya slaidi utaona mikono miwili au zaidi ya chuma cha mraba ikitoka kwenye chesisi, yenye meno upande wa chini yanayoendeshwa na gia na mota ya volti 12. Baadhi hutumia silinda za haidroliki mahali pa mota. Mikono hii imefungwa kwenye ukingo wa nje wa sanduku kwa vyuma vyenye bolti za kurekebisha urefu. Jeki ikiinua sanduku, mzigo unahama kutoka kwenye mikono, bolti zinavutwa upande ambao hazikukusudiwa, na marekebisho ya kiwandani yanaharibika. Siku ya kurudisha ndani, upande mmoja unatangulia.

Mfumo wa Schwintek hauna mikono chini. Ubavuni mwa sanduku, kila upande, kuna reli mbili za alumini zenye meno, moja juu na moja chini, na ndani ya ukuta wa RV kuna mota mbili ndogo, moja kila upande, zinazosawazishwa na kompyuta ndogo. Huu usiufanyie mzaha. Reli zimeshikiliwa kwa skrubu kwenye ukuta mwembamba wa sanduku. Inua ukingo wa nje kidogo, na skrubu zinaanza kukatika au kuchomoka, gia inasaga meno ya alumini. Ukiona unga wa kijivu kwenye reli, kazi hiyo imeshaanza.

Mfumo wa kebo, kwa mfano Accu-Slide, una kebo za chuma zinazoingia kwenye kona nne za sanduku. Zote zinatakiwa kuwa na mkazo unaokaribiana. Ukiinua nje, zingine zinalegea na zingine zinakaza, na kebo iliyolegea inaweza kuruka kwenye puli yake.

Ukishajua mfumo, fungua kitabu cha mtengenezaji wa RV, kisha cha mtengenezaji wa slaidi yenyewe, kwa kuwa mara nyingi ni kampuni mbili tofauti. Kitabu kikisema weka nguzo, weka kama kilivyosema. Kikisema usiweke, usiweke. Kikinyamaza, usiweke pia, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa huku chini. Ukinunua RV kuukuu isiyo na kitabu, namba ya mfumo huwa kwenye kibandiko karibu na mota au pampu, na kwa namba hiyo vitabu vingi vinapatikana bure mtandaoni.

Vitanda vya turubai vinavyovutwa kutoka kwenye treila za kukunja ni habari nyingine kabisa. Vile huja na nguzo zake kutoka kiwandani na lazima zitumike.

Kinachotikisika ni chesisi

Wengi wanaotafuta jeki za slaidi kwa kweli wanatafuta kuondoa mtikisiko. Sofa iko kwenye slaidi, unakaa, mtu anatembea, unahisi unayumba. Unaona slaidi ndiyo mbovu. Jaribu hivi: kaa sehemu isiyo na slaidi, mwambie mwenzako atembee vile vile. Ukiyumba na huko, dawa iko chini ya chesisi.

Kwa treila yenye ekseli mbili, kabari ya mkasi inayobanwa kati ya tairi la mbele na la nyuma, kila upande, huondoa sehemu kubwa ya mwendo wa mbele na nyuma. Kwa treila inayofungwa juu ya bodi ya pikapu, ongeza stendi ya miguu mitatu chini ya pini ya mbele. Kisha kagua jeki nne za kona. Zikiwa zimezama kwenye kokoto tangu juzi, hazishiki kitu. Fedha ya jeki za slaidi ikienda huku, utalala vizuri zaidi.

Hatua za kuegesha ili slaidi isihitaji msaada

Slaidi nyingi zinazokwama au kuinama zinateswa na chesisi iliyopinda. Tundu la ukuta linatoka kwenye umbo lake la mstatili, na sanduku linalazimishwa kupita humo.

1. Pima nafasi. Unahitaji upana wa slaidi na angalau futi moja zaidi, ukihesabu mti, nguzo ya umeme na bomba la maji ambalo halionekani kwenye kioo cha dereva. Tazama na juu, matawi hupasua paa la slaidi.

2. Sawazisha kulia na kushoto kwanza, treila ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Weka pimamaji sakafuni, katikati ya RV. Upande ulio chini, pandisha matairi juu ya mbao, yote ya upande huo, na kila tairi likae upana wake wote juu ya ubao. Tairi lililokaa nusu nje huumia kwa ndani bila kuonyesha.

3. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi, pande zote mbili, ndipo ufungue treila kwenye gari. Sawazisha mbele na nyuma kwa jeki ya mbele ya treila.

4. Shusha jeki za kona. Chini ya kila moja weka kipande cha plaiwudi cha inchi 12 kwa 12, unene wa robo tatu ya inchi, viwili kama ardhi ni laini. Zungusha hadi iguse, kisha ongeza kidogo tu, mzunguko mmoja au pungufu. Jeki hizi ni za kutuliza, si za kunyanyua. Alama ya kuwa umezidisha ni mlango wa kuingilia: ukianza kugoma kufunga au kufuli halilingani na tundu lake, chesisi imepinda. Legeza kona moja moja hadi mlango ufunge wenyewe. RV yenye jeki za haidroliki za kunyanyua hufuata utaratibu wa kitabu chake. Vitabu vingine hutaka slaidi zitoke kabla ya hatua hii, vingine baada yake. Fuata chako hata kama jirani anafanya kinyume.

5. Hakikisha umeme. Mota ya slaidi hula umeme mwingi kwa muda mfupi. Chomeka waya wa maegesho, au pima betri: ikiwa imejaa na imetulia husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu, ichaji kwanza. Kwenye Schwintek umeme hafifu huzifanya mota mbili zipishane, moja ikatangulia na nyingine ikabaki.

6. Toa slaidi bila kusita katikati. Mtu mmoja awe nje akitazama. Usiachie swichi mara tu sanduku linapofika mwisho. Kwa mifumo ya umeme endelea kushika hadi mota zenyewe zinyamaze. Kwenye Schwintek ndivyo kompyuta yake inavyozipanga mota zilingane. Ikiwa imeshapishana, irudishe inchi chache, itoe tena hadi mota zikome, rudia mara kadhaa.

Pima kabla ya kusema slaidi imeinama

Macho hudanganya, hasa RV ikiwa imeegeshwa kwenye mteremko na wewe umesimama wima. Tumia tepu ya kupimia, pimamaji la futi 2 na daftari.

Simama ndani, slaidi ikiwa nje kabisa. Sanduku limezungukwa na fremu inayobana ukuta kwa ndani. Pima mwanya kati ya fremu hiyo na ukuta kwenye sehemu nne: juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Andika tarehe na namba.

Slaidi ikining'inia kwa nje, sanduku linazunguka kidogo: juu linakwenda nje, chini linakuja ndani. Kwa hiyo utakuta fremu imebana sana juu, na mwanya umefunguka chini. Ukikuta kinyume chake, mwanya juu na kubanwa chini, ukingo wa nje uko juu mno. Kama kuna jeki huko, mkosaji umempata. Mwanya ukiwa mkubwa upande wa kushoto pekee au kulia pekee, tatizo ni upande mmoja kutangulia, na jeki haina uhusiano wowote nalo.

Kisha linganisha sakafu. Weka pimamaji kwenye sakafu ya RV, halafu kwenye sakafu ya slaidi, mwelekeo ule ule wa kutoka ndani kwenda nje. Zote mbili zikiteremka sawa, ni RV ndiyo haijasawazishwa. Slaidi peke yake ikiteremka nje, hapo kuna kitu.

Rudia vipimo kesho yake, na tena baada ya wiki, matangi yakiwa na kiasi kile kile cha maji. Tofauti ya milimita 2 au 3 isiyoongezeka haina haja ya kukunyima usingizi. Inayoongezeka kila wiki ni ya fundi: bolti zimelegea, skrubu za reli zimechomoka, au sakafu imeoza. Jeki itaficha dalili hiyo, na utakuja kuiona siku ya kuondoka.

Kabla ya kumwita fundi, tazama umeweka nini ndani ya slaidi. Vitabu, makopo ya chakula, magunia ya mchele na unga, sefu, mashine ya kufulia iliyoongezwa baadaye: vyote hupenda kuishia kwenye makabati ya slaidi kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Kibandiko cha njano karibu na mlango kinataja mzigo unaoruhusiwa kwa RV nzima, hakisemi neno kuhusu slaidi. Hamishia vizito kwenye makabati yaliyo juu ya chesisi, karibu na ekseli, halafu pima upya.

Hali zinazoruhusu jeki

Ya kwanza imeshatajwa: kitabu kinasema hivyo. Ya pili ni slaidi iliyoharibika inayongojea fundi, ambayo huwezi kuirudisha ndani na unaogopa itashuka zaidi. Ya tatu ni RV iliyowekwa mahali pamoja kwa msimu au mwaka, chesisi yake ikiwa imekaa juu ya stendi za chuma au matofali na haichezi tena juu ya springi. Hata kwenye hali hii ya tatu jeki za slaidi ni hiari, na bila stendi za chesisi usizitaje kabisa. Tena stendi hizo zikae pale mtengenezaji alipoonyesha, maana chesisi nazo hupinda zikishikiliwa pasipo pake.

Kama umo katika mojawapo, fanya hivi:

1. Sawazisha RV, toa slaidi, pima ile mianya minne na uandike. Matangi yawe yamejaa kiasi unachotarajia kuwa nacho siku nyingi.

2. Andaa ardhi. Ondoa kokoto zilizolegea, laza plaiwudi ya inchi 12 kwa 12, tabaka mbili. Lami ya Texas au Arizona mwezi Julai hulainika, mguu mwembamba wa jeki unazama humo kama kawaida, kwa hiyo usiruke hatua hii eti kwa kuwa kuna lami.

3. Tafuta pa kugusa. Kwenye mfumo wa mikono, gusa chini ya mkono wa chuma wenyewe, karibu na mwisho wake wa nje. Pasipo na mikono, gusa ukingo wa nje chini ya kuta za ubavu, kona moja na nyingine. Usiguse katikati ya sakafu. Pale pamefunikwa kwa kitambaa cheusi cha plastiki kinachozuia maji ya barabarani, na jeki ikikitoboa, mbao iliyo juu yake inaanza kunyonya unyevu.

4. Laza ubao wa inchi 2 kwa 4 kati ya jeki na sanduku, ulale sambamba na ukuta wa nje, ili nguvu isikusanyike sehemu moja.

5. Pandisha jeki kwa vidole, bila mpini. Ikikaribia, ingiza kipande cha karatasi kati ya ubao na sanduku. Karatasi ivutike kwa shida kidogo bila kuchanika. Isipovutika, umeinua, shusha.

6. Fanya upande wa pili, halafu rudi upande wa kwanza ujaribu karatasi tena. Jeki mbili kila slaidi zinatosha. Moja peke yake hupindisha sanduku.

7. Pima mianya minne upya. Namba zikibadilika hata kidogo kulinganisha na hatua ya kwanza, shusha jeki zote mbili na uanze tena.

8. Funga utambaa mwekundu kwenye swichi ya slaidi, ndani. Hii ndiyo hatua inayoonekana ya kitoto, na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote. Mtu akibonyeza kurudisha slaidi huku jeki ikiwa imegusa, jeki inaburutwa, inapinda, inachana kitambaa cha chini na wakati mwingine inang'oa ukingo wa sakafu. Ukiwa na bahati, breka ya umeme inakata mapema.

Jaribio la karatasi lirudiwe kila siku kwa siku tatu za mwanzo, kisha kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa, kumwaga matangi au kuyajaza. Kazi hii ikikuchosha, ziondoe tu.

Kwa slaidi iliyoharibika, agizo moja linabadilika: usijaribu kuirudisha kwenye kiwango chake kwa jeki. Ishike pale ilipo isishuke zaidi, ondoa vizito, mwachie fundi ainue baada ya kuona kilichovunjika. Ukiinua mwenyewe unaweza kumalizia skrubu mbili tatu zilizokuwa bado zimeshika.

Majira ya baridi

Kaskazini mwa Marekani na Kanada jeki za slaidi zina adui wa ziada. Maji yaliyo kwenye udongo yakiganda, ardhi huvimba na kupanda. Kanuni za ujenzi za Minnesota hutaka misingi ichimbwe inchi 42 kusini na inchi 60 kaskazini mwa jimbo, ili iwe chini ya tabaka linaloganda. Jeki yako imekaa juu ya kipande cha plaiwudi. Ardhi itapanda, itapanda na slaidi, na si lazima kona zote zipande sawa. Kama unakaa huko kuanzia Novemba hadi Machi, jaribio la karatasi liwe kila baada ya siku mbili, au slaidi isikae juu ya jeki kamwe.

Theluji nayo huwafanya watu wafikirie jeki. Futi moja ya theluji nzito yenye maji inaweza kufikia pauni 20 kwa kila futi ya mraba. Slaidi ya futi 12 kwa 3 ina futi 36 za mraba juu, basi hizo ni pauni 720, zaidi ya kilo 320, uzito ambao haukuwapo jana. Ufagio wenye mpini mrefu huondoa mzigo huo kwa dakika kumi. Jeki hubakiza mzigo juu ya paa na kuuelekeza kwenye ukingo wa sanduku. Fagia pia kabla ya kurudisha slaidi ndani, vinginevyo theluji na barafu vinaingia nayo na kuchana raba, na kama kuna turubai juu ya slaidi, barafu iliyolala humo hulipasua linapojiviringisha.

Siku ya kuondoka

Shusha jeki za slaidi kabla ya kugusa jeki za kona, matangi au mifuko ya hewa. Ukianza na chesisi, RV inashuka juu ya jeki za slaidi na zinabanwa kiasi kwamba hutaweza kuzizungusha kwa mkono. Zikishabanwa hivyo, rudisha chesisi pale ilipokuwa, ndipo uzishushe. Usizigonge kwa nyundo.

Zitoe kabisa chini ya gari, usizisogeze tu pembeni. Kisha pita ndani na nje ya slaidi: kiti kilichosogea, droo iliyo wazi, kokoto kwenye reli. Vua utambaa kwenye swichi, rudisha slaidi mtu akitazama nje, shika swichi hadi mota zinyamaze. Slaidi ikiwa ndani, zunguka nje na tazama fremu ya nje inavyobana ukuta. Mwanya juu, wakati chini kumebana, ni dalili ya ile ile slaidi inayoning'inia. Ukiuona baada ya kukaa muda mrefu juu ya jeki, kagua kwa mpangilio huu: bolti za mikono au skrubu za reli, kisha mkazo wa kebo kama zipo, kisha ubonyeze sakafu ya ukingo wa nje kwa kidole gumba kutokea chini. Inayobonyea imeshaoza, na kurekebisha bolti kabla ya kubadilisha mbao hiyo ni kazi ya kurudiwa.